Mzee Aliyekula Faida

"Wewe Nanyama, umesikia? Kampuni ya Majembe imeliwa."

Peres alikuwa ameshika shuka upande huu, Nanyama upande ule, wakiikamua kwenye bomba lililokuwa la nyumba mbili. Huyu Peres alikuwa yaya wa nyumba ya jirani hapo Kileleshwa, Mjaluo wa Gem, na masikio yake hayakuwa mawili kama ya watu. Neno likisemwa mezani kwa bwana wake wakati wa supu, kabla ya matunda limeshafika bombani.

"Imeliwa na nani? Na mchwa?"

"Mchwa gani! Imeliwa na wazee. Wale wanaongoja kustaafu. Bwana wangu ana hisa kule, si unajua, ana fungu lake katika ile kampuni. Jana alipiga meza mpaka kichupa cha chumvi kikalala. Ati faida ya mwaka imebaki nusu, nusu nyingine wazee wameila. Na mmoja si huyo wenu, anayekunywa uji wako kila asubuhi? Huyo mume wako wa pili?"

"Peres, wewe! Mzee Were hata nyama haionji ila Jumapili."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mtu amekula kampuni nzima, na suruali bado anaikaza kwa kamba. Hilo tumbo amelificha wapi?"

Wakacheka mpaka shuka ikagusa chini, ikabidi waisuuze upya. Mtoto Caren, aliyefungwa mgongoni kwa mamake, akacheka nao bila kujua anachochekea. Lakini Nanyama alipokuwa akianika, kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Mwaka huo wa 1957 ndio mwaka ambao mzee Were alikuwa ameungoja kama mgonjwa anavyongoja kukuche.

Jina lake kamili lilikuwa Hezekiah Were, Mbukusu wa upande wa Kimilili, chini ya mlima Masaba, ndio Elgon. Alikuwa tarishi katika ofisi kuu ya Kampuni ya Pettigrew, pale mjini, Gavamenti Rodi. Hakuna mfanyakazi aliyeiita Pettigrew. Iliitwa Kampuni ya Majembe, kwa kuwa ndiyo iliyouza majembe, mbegu na pampu za kunyunyizia kahawa dawa, toka Dagoretti mpaka Kitale. Usiku mzee alilala Kileleshwa, katika vyumba vya nyuma vya nyumba ya kampuni, nyumba ambayo sasa alikaa Bwana Ainslie, mhasibu mpya aliyetoka Ulaya. Vyumba vya nyuma vilikuwa vitatu. Kimoja cha Nashon, mpishi wa Bwana Ainslie, pamoja na mkewe Nanyama na mtoto wao. Kimoja cha mzee Were. Cha tatu kilikuwa cha Mungai mtunza bustani, mpaka asubuhi ile ya siku za Mau Mau lori la askari lilipopita likakusanya Wagikuyu wote wa mtaa. Tangu hapo mlango wa Mungai ulikuwa na kufuli, na mawaridi yakawa yanajiotea yapendavyo.

Nanyama alipoletwa hapo akiwa bibi arusi, na haya bado zimemjaa usoni, mzee Were alimwita akamwuliza kwa lugha yao, "Baba yako ni mwana wa nani?"

"Ni mwana wa Khisa wa Chwele."

"Khisa!" Mzee alishika kichwa kwa mikono miwili. "Khisa huyu niliyepakwa naye matope ya mto mmoja, alfajiri moja, tukasimama mbele ya kisu bila kupepesa?"

Kwa Wabukusu neno hilo halihitaji kuongezwa. Waliotahiriwa pamoja ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote, mjukuu wa mmoja ni mjukuu wa wote. Na babu, kwa utani wa kwao, humwita mjukuu wake wa kike mke.

"Basi wewe ni mke wangu," akasema mzee, "na huyu Nashon ni mwizi. Nitamshitaki kwa chifu."

"Mshitaki," Nashon akajibu, "lakini kwanza umlishe."

Tangu siku hiyo Nanyama akamwita Kuka, ndiyo babu kwa Kibukusu, na kila asubuhi akamtilia uji katika kikombe chake cha bati.

Hata hivyo, aliyemfundisha Nanyama kumjua mzee huyu alikuwa Caren. Mzee akirudi kutoka mjini jioni, kabla ya kuvua koti lake la kaki, alichuchumaa mbele ya mkeka akamtazama mtoto jinsi watu wanavyotazama moto. Caren alipoanza kujifunza kukaa, akawa anakaa, anaegemea upande, kisha anaanguka puu kama mfuko wa wimbi. Kila akianguka, mzee alishtuka.

"Hii ndiyo kawaida?"

"Nini, Kuka?"

"Kuanguka hivi. Wote huanguka hivi?"

"Kuka, si una watoto wako wewe? Watano!"

Mzee akamwinua mtoto, akamwegemeza kwenye mto. "Ninao. Lakini kila mmoja nilimkuta ameshakaa. Likizo ni mara moja kwa mwaka. Kifungua mimba nilimwacha tumboni, niliporudi akanikimbia, akaenda kumwambia mamake, kuna mtu uani."

Alisema hayo bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nanyama, ambaye naye alikuwa na mama mbali, na usiku mwingine aliota akiitwa na sauti yake akaamka, aliinamisha uso akajifanya anachagua mawe katika maharagwe.

Mzee akizungumza habari za kwao hakutaja mashamba wala ng'ombe. Alitaja vitu ambavyo mtu mwingine havioni. Moshi unavyopenya katikati ya nyasi za paa asubuhi kabla haujapata njia. Ukungu wa Masaba unavyoshuka mpaka miguuni mwa mbuzi, ukaona vichwa tu vinaelea. Na mkewe Nasambu anavyowafukuza kuku kwenye wimbi, kwa mlio ambao kila mzee alipojaribu kuuiga, mdomo wake ulikataa.

Na juu ya hayo yote alikuwa na ahadi. Bwana Pettigrew mwenyewe, yule mzee aliyeanzisha kampuni wakati duka lilikuwa banda la mabati na njia ya mbele yake matope matupu, siku ya kufungua jengo la mawe aliwasimamisha watu wake wa kwanza akawaambia: mtu akifika miaka sitini ataenda kwao, na nusu ya mshahara wake itamfuata huko kila mwezi mpaka Mungu amwite. Wengine waliiita pensheni. Mzee Were aliiita pesa ya kufuata.

"Mimi nimeifuata pesa tangu ujana," alizoea kusema, "mpaka miguu imepinda. Sasa nayo inifuate, ione Kimilili ni mbali vipi."

Mchana wa siku ile ya shuka, Nashon alipotoka jikoni na mabaki ya mkate, Nanyama alimwuliza kama ni kweli wazee wamekula faida. Nashon akachungulia dirisha la nyumba kubwa, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Peres ana mdomo! Hapana, hawajala. Nilikuwepo, nilikuwa nikipakua. Huyo bwana wa Peres alikuja hapa juzi kugombana na Bwana Ainslie. Nikasikia vizuri. Majembe yameuzwa mengi kuliko mwaka uliopita. Pesa ziko benki. Hakuna mzee aliyepewa hata senti."

"Sasa faida imeenda wapi?"

"Ndiyo hiyo. Bwana Ainslie alipofika alikuta ile ahadi ya mzee Pettigrew iko midomoni mwa watu, lakini katika vitabu haimo. Akasema, ahadi ni deni. Mtu anayekufanyia kazi leo, ukamwahidi kumlisha uzeeni, basi gharama ya uzee wake ni ya leo, si ya siku atakayoondoka. Ilitakiwa kila mwaka kampuni itenge kidogo. Haikutenga. Sasa yeye ametenga ya miaka yote kwa mwaka mmoja, ndipo faida ikaporomoka kwenye ripoti iliyopelekwa London."

"Kwa hiyo ile faida nono ya miaka iliyopita?"

"Alisema ilikuwa nono kwa kusahau." Nashon akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na kuna zaidi. Ili wajue watenge kiasi gani, ni lazima wakadirie kila mzee ataishi miaka mingapi baada ya kwenda kwao. Wana watu huko Ulaya, kazi yao ni hiyo, kukadiria vifo vya watu wasiowajua."

Nanyama alijikuta amemkumbatia Caren kwa nguvu, mtoto akalalamika.

Siku chache zikapita, na mzee Were akaacha kunywa uji. Siku ya kwanza alisema tumbo linamsumbua. Siku ya pili alisema amechelewa, na jua lilikuwa halijatoka. Siku ya tatu Nanyama alimfuata mpaka langoni na kikombe mkononi.

"Kuka, uji wangu umekuwa mbaya?"

"Uji wako ni mzuri, mke wangu. Lakini kule ofisini wananiita mla faida. Vijana wa bohari wakiniona wanasema, mzee, tutemee basi mfupa. Ati Krismasi hii hakutakuwa na zawadi kwa sababu yangu na wenzangu. Tangu niambiwe hivyo, kila nikitia kitu mdomoni naona kama ni cha mtu."

Nanyama alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, kisha akatolewa kwenda kulea wadogo zake. Mambo ya London hakuyajua. Lakini sufuria aliijua.

"Kuka, kwenu mtu akiwa safarini, jioni mama hufanya nini kabla ya kupakua?"

"Humwekea."

"Humwekea. Anachota fungu lake, anafunika pembeni. Sasa walioketi wakichungulia sufuria wakaona imepungua, wakasema aliye safarini amekula, ni kweli?"

Mzee alimtazama.

"Hujala kitu, Kuka. Wamekuwekea tu. Mwaka jana na mwaka juzi hawakukuwekea, ndiyo maana sufuria ilionekana imejaa. Hao wanaokasirika walikuwa wanahesabu na fungu lako humo humo."

"Wameniwekea," mzee alirudia. Neno lile alilishika kama kitu cha moto kinachopendeza mkononi. "Kumbe wameniwekea! Na Nashon aliniambia wamenikadiria na siku za kufa."

"Amekwambia? Huyo naye!"

"Mwambie awaulizie ni mwezi gani, nisije nikapanda mahindi bure." Akachukua kikombe akanywa palepale langoni, amesimama, mpaka ukasikika mlio wa mwisho.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Alinunua kufuli mpya ya sanduku lake. Alimwuliza Nanyama ni kitambaa gani mwanamke wa umri wa Nasambu angekivaa bila kuona haya, wakabishana, yeye akitaka chenye maua makubwa, Nanyama akitaka madogo, mzee akashinda. Jioni akicheza na Caren alimwambia, "Mimi nakwenda kwangu. Nitawaona wajukuu wakianguka. Sitakosa hata mmoja."

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Bwana Ainslie alikuja mwenyewe huko nyuma. Jambo hilo lilikuwa geni hata kuku walitawanyika. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye adabu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mabwana. Nashon akamtolea kiti. Hakuketi.

"Were, veve nazaliwa lini?"

Mzee alivua kofia. "Mimi ni Mkikwameti, Bwana. Mkikwameti wa kwanza."

Bwana akamgeukia Nashon. Nashon akamweleza kwamba Wabukusu huhesabu umri kwa rika la tohara; kwamba Kikwameti ni rika lililofunguliwa kabla ya vita vile vya kwanza vya Mjerumani; na kwamba mvulana hapelekwi kwa kisu akiwa mtoto, ni lazima awe ameanza kuota ndevu. Bwana Ainslie alitazama juu, midomo ikicheza, akihesabu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akakubali: sitini, au zaidi kidogo. Lakini akatoa karatasi mfukoni, akasema kwamba kampuni ilimwandika Were kwa kufuata kipande chake cha zamani, ile karatasi ya kitambulisho, na kipande kilimfanya mdogo kwa miaka sita.

Halafu mzee Were akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akajipiga paja.

"Mwambie, Nashon. Mwambie nilijinyoa."

Ndipo Nanyama aliposikia kisa hicho kwa mara ya kwanza, akiwa ameketi kizingitini na Caren akinyonya. Wakati wa vita vya Mjerumani, serikali ilizoa vijana wa kwao kwenda kubeba mizigo ya askari huko Tanganyika. Walikwenda wengi, wakarudi wachache. Kaka yake Were hakurudi. Hata mahali alipoanguka hakuna aliyemwonyesha mama yao. Vita vikaisha. Mara ikatangazwa kila mwanamume aje kuandikishwa kipande, apewe namba na aulizwe umri. Vijana wakatazamana. Wakasema, wanatuandika ili wakitaka wabeba mizigo tena, wajue waanzie wapi. Watawachukua waliokomaa na kuwaacha wadogo. Basi jioni ya kuamkia siku hiyo, vijana wa rika lake walikwenda mtoni wakanyoana ndevu kwa vipande vya chupa mpaka damu ikatoka. Asubuhi walisimama mbele ya karani wamekunja magoti kidogo, wamelegeza mabega, wakasema kwa sauti nyembamba kwamba wao bado ni watoto. Karani akawatazama, akawaandika watoto.

"Tulicheka njia nzima tukirudi," alisema mzee Were. "Tulisema tumewaibia. Kumbe miaka niliyoiibia vita, ni kampuni inayokuja kuidai."

Nashon alitafsiri yote. Bwana Ainslie hakucheka. Aliuliza kama yuko mtu anayeweza kuthibitisha, mtu wa rika hilo hilo mwenye karatasi. Nanyama alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya bwana yule, akasema kwa Kiswahili, "Yupo babu yangu. Khisa wa Chwele. Walitahiriwa pamoja asubuhi moja, na kipande anacho, amekitunza kwenye bati."

Mzee Were akamgeukia taratibu, na machoni mwake hapakuwa na lawama, palikuwa na huruma, kana kwamba aliyepotelewa ni yeye Nanyama.

"Mke wangu," alisema, "aliyeninyoa mimi ni nani? Ni Khisa. Na mimi nilimnyoa yeye. Hicho kipande cha kwenye bati kinasema maneno yale yale na changu. Sote tulijinyoa. Rika zima."

Nanyama akaketi. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Bwana Ainslie alisema ataandika barua Ulaya na kueleza. Akaondoka akiwa ameinamisha kichwa, akipita katikati ya mawaridi ya Mungai.

Majibu yalichukua majuma. Katika majuma hayo mvua za kwanza zilinusanusa upande wa Ngong zikarudi, na wanawake wote wa vyumba vya nyuma, toka Kileleshwa mpaka Loresho, wakaanza kuzungumza habari ya kwenda kupanda. Mume hubaki mjini na kazi yake, mke huenda nyumbani na mbegu, ndivyo ilivyokuwa. Nanyama naye alikuwa aende. Mamake Nashon alikuwa hajamwona Caren bado. Mzee Were alisikiliza mazungumzo hayo, na siku moja Nanyama alimkuta ameketi juu ya sanduku lake lililofungwa, anajaribu ile kufuli mpya, anaifunga, anaifungua.

Siku jibu lilipokuja, Bwana Ainslie hakumwita mzee ofisini mbele ya watu. Alimleta ndani ya gari lake, kiti cha mbele, mpaka nyumbani. Peres aliyeona hayo kutoka ng'ambo ya ua aliangusha kapu. Bwana alisimama naye kando ya tangi la maji, na kwa kuwa Nashon alikuwa sokoni, alimweleza kwa Kiswahili chake mwenyewe. Nanyama alikuwa akifua upande wa pili wa tangi, akasikia kila neno.

"Mimi nasadiki veve, Were. Kweli kabisa. Lakini bwana kubwa ya London hapana soma uso. Nasoma karatasi. Kama mimi naandika veve kwisha pata sitini, lazima naweka pesa yako yote sasa hivi, mwaka hii, na faida naanguka tena. Wenye kampuni nakasirika sana. Kama naandika kama kipande, bado miaka sita, naweka kidogo kidogo. Faida nasimama. Wao nachagua kipande."

"Mimi je, Bwana?"

"Veve nafanya kazi. Miaka sita. Halafu nakwenda."

Mzee Were alivaa kofia yake, akaivua tena. "Asante, Bwana," alisema, kwa kuwa hiyo ndiyo kauli aliyozoea kumalizia nayo.

Bwana Ainslie alibaki amesimama kitambo, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kisha akaingia nyumba kubwa kwa mlango wa jikoni.

Nanyama alielewa. Uelewa ule ulimwuma kuliko kutoelewa. Aliye mlangoni huwekewa sahani nzima. Aliye mbali huwekewa kidogo kidogo. Basi wamemrudisha mbali, ili sufuria ionekane imejaa mbele ya wageni. Na Peres, aliyekuja mbio kuuliza, safari hii hakupata la kuchekea. Alisikiliza, akafuta uso kwa pembe ya leso, akasema, "Miaka sita! Hao wanajua na yeye ataishi miaka mingapi?"

"Ndiyo wanayoikadiria, Peres."

"Woi, Nyasaye," alisema Peres, yaani Mungu wangu kwa lugha yake, akarudi kwao pole pole.

Jioni hiyo mzee hakuchuchumaa mbele ya mkeka. Wala kesho yake. Caren, ambaye sasa alikaa bila kuanguka, aligeuza kichwa kila kiatu kilipolia uani, akitafuta.

Siku moja kabla ya Nanyama kusafiri, alasiri, mzee alikuja. Kikapu cha mbegu kilikuwa kimeshafungwa, nguo za mtoto zimekunjwa, tikiti ya gari la moshi iko kwa Nashon. Mzee alimletea kile kitambaa cha maua makubwa, na sukari ndani ya karatasi ya buluu, vya kupelekwa kwa Nasambu. Nanyama akavipokea kwa mikono miwili akavitia kikapuni. Nyumba ya Nasambu haikuwa mbali na kwao Nashon. Ni kuvuka mto Kuywa na kupanda kidogo.

Lakini mzee hakuondoka. Alichuchumaa. Caren akamrukia kofia, naye akamwachia.

"Mke wangu, nina neno la kukuomba. Si mzigo."

"Sema, Kuka."

"Usimpelekee habari kwamba unakwenda. Mimi nikienda, Nasambu anajua siku. Nyumba nakuta imepakwa udongo mpya, jogoo amechinjwa, yeye amevaa ile gauni ya kanisani. Mwezi mzima ananipakulia kama mgeni, na mimi nakula kama mgeni, halafu narudi huku. Miaka yote hii, mwanangu, sijawahi kumwona mke wangu siku ya kawaida. Habari ya miaka sita usimwambie, hiyo nitamwambia mwenyewe nikipata likizo. Wewe nenda tu alfajiri, kabla jua halijatoka, kama mpita njia anayeomba maji. Kaa kizingitini na mtoto. Wewe una macho, nimekuona unavyotazama. Mwangalie anavyoamka. Anaanza na nini, moto au maji? Anaongea peke yake? Akichoka anakaa upande gani wa nyumba, wa jua au wa kivuli? Wale kuku anawafukuza vipi siku hizi? Halafu ukirudi uje uketi hapa uniambie. Pole pole, moja moja, hata lile unaloona ni dogo. Usiniruke kitu."